Udongo wa Masaba kwenye Mti wa Krismasi

Paukwa! Itikieni, wanangu: Pakawa!

Hapo kale, kabla mtu hajakanyaga nchi hii, palikuwa na mlima wa moto. Ulitapika moshi, majivu na mawe yaliyoyeyuka kwa muda mrefu usiohesabika, kisha ukachoka, ukanyamaza. Moto ukazimika lakini mlima ukabaki. Mtoto wa Kitale akitazama upande wa machweo anauona. Mtoto wa Bungoma akitazama kaskazini anauona pia. Ramani zinauita Elgon, Wabukusu wanauita Masaba, na kilele chake cha juu kabisa, Wagagai, kilichoko upande wa Uganda, kina urefu wa mita 4,321.

Moto ulipozimika, maji yakaanza kazi. Mvua ilipiga mawe ya mlima, jua likayapasua, mizizi ikapenya kwenye nyufa. Jiwe likawa kokoto, kokoto ikawa mchanga, na sehemu nyingine ya jiwe ikageuka kabisa ikawa kitu kipya: chembe bapa, ndogo mno, ambazo upana wake haufiki hata sehemu mbili za elfu za milimita. Vijito vikazibeba chembe hizo, vikazishusha hadi Mto Nzoia, vikazitua mabondeni kila maji yalipopunguza mwendo. Hizo ndizo udongo wa mfinyanzi.

Kwa hiyo ukikanyaga tope la bonde pale Kiminini au Kamukuywa, nalo likang'ang'ania kiatu chako, ujue umekanyaga mlima. Leo tutauchukua mlima huo kidogo tu, wa kujaa kopo. Tutaufinyanga, tutaukausha kwa hewa bila moto, kisha tutautundika kwenye mti wa Krismasi. Madukani kuna udongo wa aina hiyo unaouzwa kwenye pakiti, na aliyeupata autumie kwa furaha. Lakini anayeelewa kwa nini udongo hukauka na kwa nini hupasuka anaweza kujitengenezea wake mwenyewe, kwa vitu vilivyoko nyumbani.

Sanamu ndogo za Marseille

Twende kwanza mbali, halafu turudi.

Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio nchini Italia, Fransisko wa Assisi aliwakusanya wanakijiji usiku wa Krismasi. Aliweka hori lenye nyasi kavu, akaleta ng'ombe na punda wa kweli, ili watu waone kwa macho yao jinsi Mtoto Yesu alivyozaliwa katika umaskini. Watu wakalipenda jambo hilo, na baada ya muda makanisa mengi ya Ulaya yakawa yanaweka hori la Krismasi lenye sanamu.

Kisha yakaja Mapinduzi ya Ufaransa, yaliyoanza mwaka 1789. Makanisa yakafungwa kwa muda, na mahori ya hadharani yakakoma. Watu wa Provence, kusini mwa nchi hiyo, wakaona kwamba kama hori halionekani tena kanisani, wataliweka nyumbani. Lakini nyumba ya mtu wa kawaida ingepata wapi sanamu? Huko Marseille aliishi fundi aitwaye Jean-Louis Lagnel, aliyezaliwa mwaka 1764. Fundi huyu alitengeneza kalibu za plasta, akaushindilia udongo ndani yake, akatoa sanamu ndogo moja baada ya nyingine, akaziacha zikauke kwa hewa, kisha akazipaka rangi. Hazikuingia tanuruni. Kwa kuwa udongo si kitu cha gharama, hata familia maskini iliweza kuzinunua. Mwaka 1803 mji wa Marseille ukaanza kuwa na gulio la sanamu hizo, na gulio hilo hufanyika hadi leo kila mwisho wa mwaka.

Sasa sikilizeni lile linalonipendeza kuliko yote. Wafinyanzi wa Marseille hawakuishia kwa Maria, Yosefu na wachungaji. Walifinyanga pia watu wa mtaa wao: mwoka mikate, muuza samaki, mwenye kinu, mnoa visu. Kila mmoja alikuwa anakwenda horini na kile alichonacho. Bethlehemu yao ikawa na sura za majirani zao.

Nasi tufanye vivyo hivyo. Kwa miaka mingi tumetandaza pamba juu ya matawi ili ifanane na theluji, tukatundika picha za kulungu wa nchi za baridi. Desemba ya Kitale na Bungoma haina theluji. Ina jua, ina mahindi yaliyoanikwa uani, ina kuku anayefukuzwa na watoto asubuhi ya sikukuu, ina matatu zilizojaa watu wanaorudi kwao. Mapambo yetu yaseme hayo.

Udongo si mgeni kwetu

Akina nyanya wa Kibukusu walifinyanga vyungu vya kupikia na mitungi ya kutunzia maji yakae baridi. Kuta za nyumba zilikandikwa kwa udongo, na sakafu ikasilibwa kwa udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe. Hata mvulana wa Kibukusu anayeingia jandoni, mwezi wa Agosti wa mwaka unaogawanyika kwa mbili, hupakwa tope mtoni alfajiri kabla ya kukabili kisu. Udongo umekuwa nasi jikoni, ukutani na katika siku kubwa za maisha.

Ukishuka hadi Kakamega utafika mahali panapoitwa Ilesi, kando ya barabara ya kwenda Kisumu, ambapo wafinyanzi hupanga vyungu vyao wapita njia wavione. Na huko Karen, Nairobi, mwaka 1975, Susan Wood alianza karakana ndogo ya shanga za udongo pamoja na wanawake wawili. Karakana hiyo ndiyo Kazuri, ambayo shanga zake sasa huvaliwa katika nchi nyingi.

Karibu zaidi na nyumbani kuna Makumbusho ya Kitale. Yalianza mwaka 1926 kama mkusanyiko wa mtu mmoja, Hugh Stoneham, aliyependa wadudu, ndege na vitabu, na jengo la sasa likafunguliwa mwaka 1974. Uwanjani mwake kuna nyumba za asili za jamii za eneo hili. Mwombeni mwalimu au mzazi awapeleke wakati wa likizo, mtazame mapaa, milango na vyombo. Mkono hufinyanga kile ambacho jicho limekitazama vizuri.

Maji ndiyo yenye siri

Vyungu vya Ilesi na shanga za Kazuri huchomwa motoni. Mapambo yetu hayachomwi. Tofauti iko wapi?

Kumbukeni zile chembe bapa. Maji yakiwa kati yake, kila chembe huteleza juu ya mwenzake, ndiyo maana udongo mbichi hukubali kukunjwa, kuvutwa na kubonyezwa. Maji yakiondoka, chembe husogeleana na kushikana, na pambo huwa gumu. Lakini kwa kuwa zimesogeleana, pambo limepungua pia. Nyota uliyoikata ikiwa na upana wa sentimita 10 yaweza kukauka ikabaki na 9 na kitu.

Kupungua hakuna ubaya, mradi pambo lote lipungue kwa pamoja. Ubaya huja upande mmoja ukitangulia. Weka pambo kwenye jua la saa saba mchana: ngozi ya juu inakauka haraka na kujivuta, huku ndani kukiwa bado kumejaa maji na kukataa kufuata. Hapo ufa unazaliwa. Basi ukiona pambo limepasuka, usiseme udongo ni mbaya. Uliza: maji yalitoka wapi upesi, na wapi yalichelewa?

Moto nao hufanya kazi nyingine. Udongo ukipata joto la nyuzi 600 hivi, hata maji yaliyofungwa ndani ya chembe zenyewe hufukuzwa, na chembe hubadilika zisiweze kamwe kuwa tope tena. Ndiyo maana mtungi hubeba maji usiyeyuke. Pambo letu halijafika huko. Ukilitumbukiza ndooni usiku, asubuhi utakuta tope. Hiyo ndiyo hasara yake, na ndiyo faida yake vilevile: pambo likivunjika kabla ya kupakwa rangi, liloweke, ulikande, ulifinyange upya.

Udongo wa kwanza: bonde na karatasi

Nenda na mtu mzima, kwa idhini ya mwenye shamba, mahali penye udongo wa mfinyanzi. Usishuke peke yako kwenye ukingo wa mto, na usiingie kwenye mashimo yaliyoachwa na wafyatua matofali. Ondoa tabaka la juu lenye mizizi, uchukue udongo wa chini yake. Mahali pengine udongo wa kichuguu hufaa pia, kwa sababu mchwa huchagua chembe laini wanapojenga.

Upime hapohapo. Lowesha kidogo, usokote kijiti chembamba cha udongo, ukizungushe kwenye kidole. Kikikatika vipandevipande, udongo una mchanga mwingi. Kikijikunja bila kukatika, umepata.

Nyumbani uloweke kwenye ndoo, uuvuruge kwa mkono mpaka mabonge yaishe, kisha uuchuje kwa kitambaa chepesi au chekecheke ili mawe na mizizi vibaki juu. Acha ndoo itulie hadi kesho yake. Maji yatapanda juu na udongo utazama. Mwaga maji polepole, umimine uji wa udongo kwenye kitambaa kizito, uufunge, uutundike udondoke maji hadi uweze kuukanda bila kugandamana na vidole.

Sasa karatasi. Chukua trei ya mayai iliyochakaa, au magazeti, au karatasi za mazoezi ambazo hazihitajiki tena. Zichane vipande vidogo, uziloweke usiku kucha, uzitwange au uzivuruge mpaka ziwe rojorojo, kisha uzikamue. Karatasi ni nyuzi za miti. Wazazi wenu wanakumbuka kiwanda kikubwa cha Pan African Paper Mills pale Webuye, kilichofungwa mwaka 2009. Kazi yake ilikuwa kuvunja miti iwe nyuzi hizo. Ndani ya udongo, nyuzi hushikilia upande huu na upande ule zisiachane udongo unapojivuta. Wajenzi wa zamani waliijua siri hii. Nyasi na samadi walizochanganya kwenye udongo wa nyumba zilifanya kazi hiyohiyo.

Changanya vikombe vitatu vya udongo na kikombe kimoja cha karatasi iliyokamuliwa. Ongeza vijiko viwili vya gundi nyeupe ya mbao. Kanda mpaka usiweze kutofautisha karatasi na udongo. Usioutumia leo uufunike kwa kitambaa kibichi ndani ya mkebe wenye kifuniko, lakini usiuache kwa wiki nyingi, kwa kuwa karatasi iliyolowa huota ukungu.

Udongo wa pili: mweupe, wa mahindi

Trans Nzoia ni nchi ya mahindi, na mahindi nayo yanaweza kutupa udongo wa kufinyanga, ingawa kwa jina tu. Ndani ya punje kuna wanga, ule unga mweupe laini unaouzwa dukani kwa jina la konifulawa. Usitumie unga wa ugali. Huo una chembe nzito na mabaki ya kiini cha punje, hutoa pambo lenye mikwaruzo, na wadudu huupenda.

Pima vikombe viwili vya bekingi soda, kikombe kimoja cha konifulawa na kikombe kimoja na nusu cha maji baridi. Koroga kwenye sufuria kabla ya kuweka motoni, ili pasiwe na vidonge. Mtu mzima akiwa kando yako, weka sufuria kwenye moto wa wastani, uendelee kukoroga kwa mwiko bila kupumzika. Mwanzoni utaona maji meupe tu, na utadhani hakuna kinachotokea. Joto likipita nyuzi 60 na kitu, chembe za wanga hunywa maji, huvimba na kupasuka, na ghafla mchanganyiko unakuwa mzito. Kitale iko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji yake huchemka yakiwa na nyuzi 94 hivi badala ya 100. Wanga hauhitaji hata kufika huko. Koroga mpaka ushikane kama ugali na kuachana na sufuria, kisha uepue.

Utoe kwenye sahani, uufunike kwa kitambaa kibichi mpaka upoe, uukande hadi uwe laini. Huu hukauka ukiwa mweupe na uso usio na mikwaruzo, unafaa sana kwa nyota, malaika na njiwa. Usiuonje wala usimwachie mdogo wako auonje, kwa maana bekingi soda kwa wingi ni hatari tumboni.

Kufinyanga nyumbani kwetu

Kwa mapambo bapa, weka udongo kwenye kibao cha chapati juu ya karatasi. Laza penseli mbili, moja kila upande wa udongo, kisha sukuma kwa kile kifimbo cha chapati mpaka kiguse penseli zote mbili. Penseli hizo ndizo zitakazokupa unene ulio sawa kila mahali, na unene ulio sawa hukauka sawa. Kata duara kwa mdomo wa glasi, na maumbo mengine kwa kisu kisicho na makali. Toboa tundu la uzi sasa hivi kwa mrija, sentimita moja kutoka ukingoni. Ukingoja udongo ukauke ndipo utoboe, utaupasua.

Bonyeza jani juu ya udongo mbichi, kisha uling'oe taratibu: mishipa yake yote itabaki. Jani la mparachichi, la mtama, la msufi, kila moja lina mwandiko wake.

Ukiunganisha vipande viwili, usivibandike hivihivi. Kwaruza pande zote mbili kwa ncha ya kijiti, pakaa uji mzito wa udongo huohuo, ndipo uvikutanishe na kulainisha kiungo kwa kidole. Kiungo kilichobandikwa bila mikwaruzo huachia udongo ukikauka.

Na sasa, tufinyange nini?

Finyanga nzohe. Yeye ni swala wa majimajini mwenye kwato ndefu zinazotanuka ili asizame topeni, na dume lake lina pembe zilizojisokota. Anaishi Saiwa, karibu na Kitale, katika mbuga iliyotangazwa mwaka 1974, ndogo kuliko mbuga zote za taifa nchini Kenya. Haifiki kilomita 3 za mraba. Watoto wengi duniani hutundika kulungu wa theluji. Ni wewe uliye jirani wa nzohe.

Finyanga korongo mwenye taji la manyoya ya rangi ya dhahabu, yule anayetembea kwa madaha kwenye mashamba na maeneo yenye majimaji ya Trans Nzoia. Taji ulifanye kwa nyuzi fupi za mkonge, uzichomeke kichwani udongo ungali mbichi.

Finyanga ndovu wa Kitum. Katika Mlima Elgon kuna pango lenye jina hilo, ambamo ndovu huingia gizani na kukwangua ukuta kwa pembe zao ili wale chumvi iliyomo mwambani. Mfanye ndovu wako mdogo, wa kutosha kiganjani, maana mwili mnene huchelewa kukauka. Kama unamtaka mkubwa, bonge la gazeti liwe tumbo lake, udongo uwe ngozi tu.

Finyanga gunzi la mahindi: sokota udongo, uchore mistari ya urefu, kisha mistari ya kukingama, na punje zitajitokeza zenyewe. Finyanga jogoo, chungu, ngoma, pikipiki ya bodaboda.

Mkishakuwa na mikono iliyozoea, wekeni hori lenu. Nyumba iwe ya msonge, yenye paa la nyasi halisi. Maria mvisheni leso. Yosefu ashike randa ya seremala. Wachungaji waje na ng'ombe na mbuzi. Na mamajusi watatu watoke hapahapa: mmoja abebe gunia la mahindi la Trans Nzoia, wa pili mkungu wa ndizi wa soko la Chwele, wa tatu litungu, ili Mtoto apigiwe nyuzi za Kibukusu. Wabukusu wapo, Wasabaot wapo, Wanandi, Wapokot, Waturkana na wengine wengi tunaoishi nao wapo. Hakuna jirani wa kuachwa nje ya hori.

Kausha polepole

Hapa ndipo wengi huharibu. Hamu ni nyingi na jua linawaka, basi mtoto anaanika pambo uani ili alipake rangi jioni. Wewe usifanye hivyo.

Panga mapambo kwenye uteo, kwa sababu nafasi za uteo hupitisha hewa chini na juu. Uteo uuweke kivulini, kibarazani, penye upepo mwepesi. Sanamu nene zifunike kwa kitambaa chepesi siku ya kwanza ili maji yatoke bila pupa. Mapambo bapa uyageuze asubuhi na jioni, la sivyo yatajikunja pembeni. Bapa huchukua siku mbili hivi, na sanamu nene siku tano au zaidi.

Mahali unapoishi pana neno pia. Bungoma iko chini kuliko Kitale na ina joto zaidi, hivyo udongo hukauka haraka. Mtoto wa Bungoma aongeze kivuli na kitambaa. Kitale usiku ni baridi na umande hushuka. Mtoto wa Kitale aingize uteo ndani kila jioni. Desemba inawapendelea wote wawili, kwa kuwa ndiyo mwanzo wa miezi mikavu.

Utajuaje limekauka? Ligusishe shavuni. Maji yanapoondoka kwenye udongo huchukua joto na kwenda nalo. Ukisikia ubaridi, maji bado yapo. Lisipokuwa baridi kuliko hewa ya chumba, liko tayari. Ukiona ufa mdogo, uujaze kwa uji wa udongo wenye gundi, uache ukauke tena. Ukingo wenye kukwaruza uusugue kwa msasa, ukiwa nje, na vumbi lake ulifute kwa kitambaa kibichi badala ya kulipuliza.

Rangi na kamba

Rangi ya maji ya shuleni inatosha. Lakini ardhi nayo ina rangi zake. Udongo mwekundu wa Kitale umepata wekundu kutokana na chuma kilichopata kutu ndani yake. Uusage, uuchekeche kwa kitambaa, uuchanganye na gundi na maji kidogo, na una rangi ya kudumu miaka. Makaa yaliyosagwa hutoa nyeusi. Bizari hutoa manjano, ingawa jua huififisha, basi itumie kwa kitu kitakachokaa ndani. Udongo mweupe wa mahindi unaweza kuuacha ulivyo, ukauchorea mistari michache tu.

Rangi ikikauka, paka gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, mara mbili, mbele na nyuma na ndani ya tundu. Mtu mzima aweza kutumia vanishi badala yake. Tabaka hilo huzuia unyevu wa hewa, lakini halitoshi kuzuia mvua. Mapambo yetu ni ya ndani ya nyumba.

Pitisha uzi wa mkonge au ukambaa wa mgomba. Ukitaka mnyororo wa ukutani, sokota shanga za udongo, uzitoboe kwa kijiti, uzipange na punje kavu za mahindi.

Mti wetu wa Krismasi ni saiprasi, ule uliojaa kwenye nyua za mashamba yetu. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, lakini umekaa hapa kiasi cha kuwa mwenyeji. Usikate mti mzima kwa ajili ya sikukuu. Mwombe mwenye ua tawi moja linalohitaji kupogolewa, ulisimamishe kwenye kopo lenye mawe na udongo. Matawi ya saiprasi ni laini, kwa hiyo tundika mapambo mazito karibu na shina na mepesi kwenye ncha. Ukiona tawi limeinama, pambo lako ni nene mno. Liweke dirishani au mezani.

Sikukuu ikipita, usiyatupe. Yapange ndani ya sanduku, kila pambo likizungushiwa maganda makavu ya mahindi, uliweke juu, mbali na sakafu, kabla ya mvua za Machi. Nyuma ya kila pambo andika mwaka uliolifinyanga. Familia itakayofanya hivyo kila Desemba itakuwa na historia yake yote juu ya mti mmoja.

Hadithi yangu imefika mwisho, lakini kazi yenu inaanza. Hesabuni nami: siku mbili za kuandaa udongo na karatasi, siku moja ya kufinyanga, siku tano za kukausha, siku mbili za rangi na gundi. Hizo ni siku kumi. Anayeanza tarehe 23 ataimba nyimbo za Krismasi kando ya udongo uliolowa. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji. Basi chukueni ndoo wiki ya kwanza ya Desemba, muite na wadogo zenu, na anayejua kufinyanga amfundishe asiyejua.